Tairi za vita na uasi wa Masisi

Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942, na uzito wa anguko hilo ukawashukia watu wa Masisi, mashariki mwa Kongo, ambao wengi wao hawakuwahi hata kulisikia jina la mji huo. Malaya na visiwa vya Indonesia ya leo ndivyo vilivyokuwa vikiilisha dunia mpira. Wajapani walipovitwaa, mataifa yaliyokuwa yakipigana nao yalipoteza zaidi ya asilimia 90 ya mpira wao wa asili, pamoja na sehemu kubwa ya bati. Mwezi huohuo viwanda vya Detroit vilisimamisha kutengeneza magari ya raia na kugeukia magari ya jeshi, vifaru na ndege. Gari la jeshi halitembei bila tairi. Ubelgiji yenyewe ilikuwa chini ya Wajerumani tangu Mei 1940, lakini koloni lake la Kongo lilibaki upande wa Uingereza na wenzake, na Kongo ilikuwa na msitu.

Mwaka huo wa 1942 serikali ya kikoloni, ambayo Wakongo waliiita Bula Matari, ilipandisha siku za kazi ya shuruti kwa wanaume wa vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Hiyo ni karibu theluthi ya mwaka. Watu wakaingizwa tena msituni kugema mpira wa mwitu, kazi ileile iliyoiachia Kongo makovu enzi za Mfalme Leopold II. Wengine wakaandikwa kwenda machimbo ya bati na dhahabu, wengine wakalima barabara, wengine wakabeba mizigo. Asiyetimiza kipimo alingojewa na kiboko au jela.

Eneo la Masisi wakati ule lilikuwa pana kuliko la leo. Lilishuka kutoka milima ya malisho hadi ndani kabisa ya msitu wa Walikale, likapakana na Lubutu: nchi ya Wahunde, Wanyanga, Wakano na Wakumu. Huko juu Gishari, kuanzia 1937, Wabelgiji walikuwa wakihamishia familia kutoka Rwanda, na mashamba ya walowezi yakapata vibarua. Kila kundi lilikuwa na deni lake kwa Bula Matari, na kila kundi lililipa kwa mgongo.

Hapo ndipo neno lilipofika. Nalo halikuzaliwa Masisi, na kwangu mimi hilo ndilo linaloupa uasi wa 1944 thamani yake yote.

Neno lenyewe lilikuwa Kitawala. Asili yake ni Watch Tower, mahubiri yaliyotoka Marekani na kufika Nyasaland, Malawi ya leo, ambako mwaka 1908 Elliott Kamwana aliwakusanya Watonga kwa maelfu akiwaambia kwamba falme za dunia zimekaribia mwisho. Waingereza walimtoa katika nchi yake mwaka uliofuata, na uhamisho wake ulikuja kumfikisha Mauritius na Shelisheli. Hakurudi nyumbani hadi 1937. Mashahidi wa Yehova walijitenga na mkondo huu wa Kiafrika, lakini mkondo uliendelea kutiririka. Vibarua waliokwenda kutafuta kazi migodini waliubeba hadi Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kisha Katanga, kusini mwa Kongo. Njiani jina likavaa kiambishi cha Kiswahili, tower ikawa tawala, na msikilizaji asingeweza kukosa kulisikia tendo la kutawala ndani yake. Dini iliyoitwa hivyo ilikuwa tayari imeuliza swali: nani atawale?

Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini mahubiri hayo yalikutana na kitu kingine kilichotoka kwetu pwani. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya Waswahili na kusambazwa na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa imefika huko kwa jina la mbeni, na vyama vyake vilikuwa na viongozi, vyeo na michango. Mei 1935 wachimbaji wa Mufulira, Nkana na Luanshya waligoma kupinga kodi iliyopandishwa. Polisi wakaua watu 6 Luanshya. Tume ya serikali iliyokuja kuchunguza iliwahoji watu juu ya mbeni na juu ya Watch Tower, kwa kuwa haikuamini kwamba watu wa makabila tofauti wangeweza kuweka kazi chini pamoja bila mkono wa siri. Mwaka 1940 wachimbaji Wazungu waligoma, wakapata walichotaka. Waafrika walipofuata mfano huohuo, Nkana iliwapokea kwa risasi, na 17 wakafa.

Mwaka mmoja baadaye moto ulivuka mpaka. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière huko Katanga walisimamisha kazi wakidai nyongeza ya mshahara, kwani bei za vita zilikuwa zimeumeza mshahara wao. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Léonard Mpoyi, aliyesimama kuwasemea, alipigwa risasi, kisha wanajeshi wakaufyatulia umati. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi.

Wabelgiji walikuwa na dawa yao ya watu wabishi: uhamisho. Mhubiri wa Kitawala au mfanyakazi mkorofi alitolewa Katanga na kupelekwa mbali, vijijini, ambako asingemjua mtu. Dawa hiyo ndiyo iliyosambaza ugonjwa waliouogopa. Waliohamishwa walifika mikoa ya mashariki na kaskazini, pamoja na nchi ya Lubutu, wakiwa na habari zote za migodini, na walikuwa na lugha ya kuzisimulia, Kiswahili, ambacho kilisikika Katanga na kilisikika ukingoni mwa msitu wa Walikale. Hakuna chama cha wafanyakazi kilichowatuma wala kuwapa nauli. Serikali ndiyo iliyowasafirisha.

Mwanzoni mwa 1944 mtu mmoja wa nchi hiyo, Bushiri Lungundu, alijitangaza kuwa Mukombozi. Maelfu waliitika: wanakijiji waliochoshwa na mpira, wafanyakazi wa machimbo, watu waliochoka kuchapwa. Walikataa kazi ya shuruti, wakaikataa amri ya machifu waliotumikia serikali, wakasubiri mwisho wa utawala wa Wazungu. Uasi huo, unaojulikana kwa jina la Masisi-Lubutu, uliendelea kuanzia Januari hadi Mei. Haukuwa safi. Ndani yake mlikuwa na uponyaji na vita dhidi ya uchawi, na baadhi ya walioumizwa walikuwa Waafrika wenzao walioonwa kuwa mikono ya Bula Matari. Askari wa Force Publique, jeshi la koloni, waliuzima kwa bunduki na Bushiri akakamatwa. Mamia ya kilomita kutoka hapo, Februari ya mwaka huohuo, askari wa jeshi hilohilo walikuwa wameasi Luluabourg, Kananga ya leo.

Maafisa wa kikoloni waliandika habari hizi kama wazimu wa dini. Mimi nazisoma kama mgomo wa watu ambao hawakuwa na haki ya kugoma. Mfanyakazi Mwafrika wa Kongo hakuruhusiwa chama hadi 1946, na hata hapo kilikuwa chama chini ya jicho la serikali. Mtu aliyenyimwa lugha ya mkataba huongea kwa lugha aliyo nayo, na watu wa Masisi walikuwa na Biblia, na walikuwa na habari za Katanga.

Mwaka huo wa 1944 wafanyakazi wa viwanda vya Detroit nao walikuwa wakigoma, wakikaidi ahadi ya viongozi wao ya kutogoma hadi vita viishe. Mmoja alikataa mwendo wa mtambo, mwenzake wa Masisi alikataa kipimo cha mpira. Wote wawili walikuwa wakilipia vita vilevile, na hakuna kati yao aliyejua kwamba mwingine yupo.

Sasa waweza kusema umbali ndio uliowatenganisha. Lakini mwaka 2019, wafanyakazi wapatao 48,000 wa General Motors walipogoma Marekani, baadhi ya wenzao wa kiwanda cha Silao, Mexico, walikataa kufanya saa za ziada ili kazi ya wagomaji isihamishiwe kwao. Wengine walifukuzwa. Hawakunyamaza, na Februari 2022 wafanyakazi wa Silao walichagua chama kipya, SINTTIA, wakakiacha kile cha zamani. Mshikamano ulishuka kutoka Detroit hadi Mexico kwa njia ya kukataa tu.

Kwenda chini zaidi haujaenda. Gari la leo limejaa vifaa vya elektroniki: viungo vyake huunganishwa kwa bati, na kapasita zake hutumia tantalamu inayotoka katika koltani. Mgodi wa Bisie, Walikale, ambako zamani wabebaji walivuka msitu na magunia ya kilo 50, sasa unatoa takribani asilimia 6 ya bati la dunia. Rubaya, Masisi, hutoa takribani asilimia 15 ya koltani ya dunia. Mwaka 2010, baada ya Marekani kupitisha sheria ya kufuatilia madini ya vita, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika mikoa ya Kivu zote mbili na Maniema, kuanzia Septemba hadi Machi 2011. Nia njema iliyotoka ng'ambo iliwafikia wachimbaji kama miezi sita bila ugali. Machi 2025, waasi wa M23 walipokaribia, Bisie ilisimama na bei ya bati ikaruka mjini London.

Madini hayo yakitoka milimani huteremka hadi bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Januari 1947 Mombasa nzima iligoma, na Chege Kibachia, aliyewaongoza wagomaji, akahamishiwa Baringo, kama Wabelgiji walivyowahamisha watu wa Katanga. Septemba ya mwaka huohuo makuli wa Dar es Salaam waliweka mizigo chini, na mgomo ukapanda na reli kuelekea bara. Shimoni Rubaya, ndani ya malori na gatini, mpaka leo watu wanaitana kwa Kiswahili.