Ndugu, Nyimbo na Amana ya Wazazi

Wahenga walinena kuwa udugu wa nazi hukutania chunguni. Katika vijiji vya Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na katika vile vya Masasi vilivyo chini yake, udugu wa watu hukutania kinuni pia. Mabinti wawili wa tumbo moja watwangapo mtama, mmoja huanza wimbo na mwenziwe hupokea, na michi ndiyo ngoma yao. Wimbo huo hawakuutunga wao. Waliupata kwa mama, naye aliupata kwa nyanya. Je, tuseme wameuiga? La, wameurithi, na mrithi ana wajibu ambao mwigaji hana.

Ili jambo hili lieleweke vema, natutazame mfano wa mbali. Nchini Marekani kuna muziki uitwao kantri, uliochipuka katika nyimbo za watu wa mashambani. Mwaka 1958, mjini Nashville, ndugu wawili, Don na Phil Everly, walirekodi santuri ya nyimbo 12 za aina hiyo. Don alikuwa na umri wa miaka 21 na Phil miaka 19, nao walikuwa wamekwisha kupata sifa kubwa kwa nyimbo mpya zilizopendwa na vijana. Hata hivyo waliamua kurudia nyimbo kongwe, wakaipa santuri hiyo jina lenye maana ya "Nyimbo Alizotufundisha Baba Yetu". Baba huyo, Ike Everly wa Kentucky, alipata kufanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe, na alikuwa mpiga gita hodari. Wanawe walikuwa wakiimba redioni pamoja na wazazi wao tangu utotoni.

Katika santuri ile hamna mbwembwe: gita, besi, na sauti mbili zilizolelewa nyumba moja. Mmoja wa nyimbo hizo, "Barbara Allen", ulikuwa ukiimbwa Uingereza tangu karne ya 17. Ulivuka bahari pamoja na wahamaji, ukapokewa kizazi baada ya kizazi, hata ukawa mali ya wajukuu wao.

Kwetu pia ndugu wameimba pamoja. Wilson na George Kinyonga, wenyeji wa Tanga, walipigia Jamhuri Jazz, wakahamia Arusha, kisha mwaka 1971 wakaenda Kenya, ambako bendi yao ilijulikana kwa jina la Simba Wanyika. Wao walirekodi tungo zao wenyewe. Wote wawili walifariki katika miaka ya 1990, lakini sauti zao tungali tunazisikia, kwa kuwa zilihifadhiwa katika santuri. Bibi aliyefariki Newala na nyimbo zake kifuani hakuacha hata mwangwi.

Mwalimu Nyerere alilionya taifa juu ya hasara hii tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuunda wizara ya utamaduni. Alisikitika kuwa wengi wetu tulijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwetu. Baada ya hapo sindimba ya Wamakonde ilitoka kusini ikachezwa majukwaani na mashuleni nchi nzima. Hilo lilikuwa jema. Lakini nachelea kuwa wengi walijifunza mtikisiko wa kiuno wakayaacha maneno. Na ngoma bila maneno yake ni nyumba isiyo na mwenyewe.

Hapana budi tuwe na busara katika kuhifadhi. Nyimbo za jando na unyago zina miiko yake, na si zote zifaazo kusikilizwa na kila mtu. Wenye nyimbo hizo ndio wenye kauli juu yake. Ila nyimbo za kinuni, za shambani na za kubembelezea watoto hazina siri. Hizo ndizo zinazotungoja.

Mwalimu, waagize wanafunzi wako waende kwa bibi, na kwa mjomba pia, maana kwa desturi ya Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama. Nawe mwanafunzi, kaa na ndugu yako, mwimbe alivyowafundisha mzee wenu, mrekodi, na mtaje jina lake kabla ya yenu. Mwacha asili ni mtumwa; na asili yenyewe huachwa kidogo kidogo, wimbo baada ya wimbo.