Mgeni Aliyegombewa na Ngoma Mbili

Ikitajwa Shinyanga na Geita, sisi watu wa mjini tunafikiria almasi na dhahabu. Leo tuyaache madini. Tumwangalie mtu aliyefika huko na jembe begani, hana shangazi wala binamu wa kumpokea.

Watu wa namna hiyo walikuwa wengi. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma. Ardhi ya katikati ilikuwa imejaa watu na ng'ombe, hivyo watu wakahimizwa kuhamia, miongoni mwa sehemu nyingine, Geita, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, katika nchi ya Wazinza iliyokuwa na mapori ya mbung'o. Wengine walikwisha kuvuka kwa hiari yao. Na mgodi wa zamani wa Geita, ulioanza kazi miaka ya 1930 na kufungwa 1966, nao uliita watu wa makabila mbalimbali.

Mtemi aliweza kumruhusu mgeni kukaa. Lakini ruhusa haing'oi visiki. Wa kuving'oa walikuwa basumba batale, yaani kundi la vijana wa kijiji, chini ya nsumba ntale waliyemchagua wenyewe. Kila kijiji kilikuwa na kundi lake. Hapakuwa na nsumba ntale wa Usukuma nzima, wala makao makuu, wala daftari moja la wanachama. Mgeni aliingia kwa mlango mmoja tu: ngoma ya kazi ikilia, naye anatoka na jembe. Leo analima kwa fulani, siku nyingine kundi linafika kwake, na mwenye shamba anachinja mnyama na kuandaa pombe. Sisi tuliohamia mjini tukajiunga na vyama vya kuzikana kabla hata ya kuwajua majirani kwa majina tunaielewa hesabu hiyo.

Kazi ikiisha na mavuno yakiwa ghalani, inakuja mbina, yaani ngoma. Hapa ndipo penye utamu. Wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu. Majina hayo yanatokana na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kuna vyama vingi vya ngoma, na kila kimoja kina shughuli yake. Wa bugobogobo ni watu wa jembe. Bayeye wanacheza na nyoka, na wanajua dawa ya aliyeumwa. Banunguli wanawinda nungunungu wanaoharibu mazao, na kwa ajili hiyo wanaingia ndani ya mashimo ambayo mimi nisingetia hata mkono. Aliyependa nyoka hakulazimishwa kupenda jembe. Kila chama kilikuwa na walimu wake, dawa zake na siri zake, na mgeni alifundishwa baada ya kuingia.

Kwa nini waliwapokea watu kwa urahisi hivyo? Wengine watasema ni ukarimu wa Wasukuma. Sibishi, ila naona kulikuwa na sababu nyingine. Mashindano ya mbina huamuliwa na umati. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda. Kwa hiyo mgeni alihitajika. Alikuwa mikono shambani, na uwanjani alikuwa kichwa kimoja zaidi. Akichoshwa na Bagika, Bagalu wapo wanamsubiri.

Sasa linganisha na sungusungu, au basalama kama walivyoitwa pia. Hao walianza mwaka 1982 hivi, pande za Kahama na mpakani mwa Shinyanga na Tabora, wizi wa ng'ombe ulipozidi. Nao walianza kijiji kwa kijiji bila makao makuu. Mwano, ile kelele ya kuomba msaada, ulipopigwa, kijiji cha pili kiliupokea na kuupeleka cha tatu, na njia za mwizi zikafungwa kwa pinde na mishale. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likawapa nafasi katika sheria.

Wizi ulipungua sana, na hilo wenyeji wanalishukuru. Lakini shughuli ilikuwa moja, na kujiunga hakukuwa hiari. Mwenye duka au fundi cherehani aliyetoka mbali, asiye na hata ndama, naye alitakiwa kukimbilia mwano. Aliyekataa alitengwa: hasalimiwi, hapewi moto, akifiwa hazikiwi. Na makundi mengine yaliacha wezi yakawageukia wanawake vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Mgeni aliyewakataa Bagika aliweza kwenda kwa Bagalu. Aliyewakataa sungusungu angekwenda wapi?

Pale Bujora, karibu na Kisesa, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi wa Juni, pande hizo mbili bado zinapambana. Mtazamaji huanza kwa wa nyoka, akisikia kelele kwa wa jembe anahamia huko, baadaye anarudi. Hakuna anayemuuliza ametoka wapi.