Jina Lako Kwenye Karatasi ya Meli

Kama umewahi kuvuka mpaka kwa basi kuja kwenye makongamano yetu, ile karatasi unaijua. Utingo anapita kiti hadi kiti: jina, namba ya pasi, namba ya simu, unashukia wapi. Unaandika huku basi linayumba, halafu unaisahau. Mimi niliisahau mpaka siku moja, kwenye mpaka mmoja, L ya jina langu ilipoonekana imeandikwa R. Nikakalishwa kwenye benchi karibu saa nzima nikieleza kwamba mtu wa kwenye karatasi na mtu wa kwenye pasi ni mmoja. Tangu siku hiyo naziheshimu orodha. Basi nilipoombwa niandike jambo la historia kwa toleo hili la maadhimisho, nikaona nikupeleke mbali kidogo, mpaka Bahari ya Atlantiki, miaka ya kati ya vita viwili vya dunia. Nataka tutazame karatasi za abiria wa meli.

Miaka hiyo karibu kila aliyetoka Ulaya kwenda Marekani alivuka kwa meli. Zilikuwa meli kubwa kama mji: Mauretania, Aquitania, Leviathan, baadaye Bremen ya 1929, Normandie ya 1935 na Queen Mary ya 1936. Zilitoka Southampton, Cherbourg, Hamburg, na zile za kasi zilifika New York kwa siku nne au tano.

Sasa hapo usichanganye, maana orodha zilikuwa za aina mbili.

Ya kwanza ilikuwa kijitabu cha kumbukumbu, kama hiki ulichoshika mkononi. Kampuni ya meli ilikichapa vizuri, jalada la rangi, na kumgawia abiria wa madaraja ya juu. Ndani kulikuwa na jina la nahodha, daktari wa meli, saa za chakula, halafu majina ya abiria kwa mpangilio wa alfabeti. Watu walikisoma jioni ya kwanza kujua nani yumo ili wajue wa kumsalimia. Lakini ukikisoma kwa makini utaona kitu. Utakuta bibi fulani ametajwa kwa jina lake lote, halafu mbele yake imeandikwa tu “na mtumishi wake”. Basi. Huyo mtumishi alilala melini, alitapika kwa mawimbi kama wengine, alishuka New York, lakini kwenye kijitabu hana jina.

Orodha ya pili ndiyo iliyokuwa na meno. Hiyo ilitakiwa na serikali, na humo hata mtumishi alikuwa na mstari wake. Marekani ilikuwa imewataka manahodha walete majina ya abiria tangu sheria ya 1819, lakini kufikia wakati tunaouzungumzia karatasi ilikuwa imejaa maswali karibu 30 kwa kila mgeni. Jina, umri, kazi, unajua kusoma na kuandika? Ndugu yako wa karibu uliyemwacha ni nani, na anakaa wapi? Unakwenda kwa nani? Nauli amelipa nani? Una dola 50, na kama huna, una ngapi? Umewahi kufungwa? Una wake wengi? Urefu, rangi ya macho, alama mwilini. Kulikuwa pia na safu ya “kabila au watu”, ambamo Myahudi aliandikwa Mwebrania hata kama yeye na baba yake walizaliwa Ujerumani, na mtu wetu aliandikwa Mwafrika mweusi, ikaishia hapo.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana Marekani, kwamba maofisa wa Ellis Island, kile kisiwa cha ukaguzi hapo New York, waliwabadilishia wageni majina kwa kushindwa kuyatamka. Wenye kuzichunguza karatasi zenyewe wanaikataa. Orodha ilijazwa na makarani wa kampuni ya meli huko ilikotoka safari. Ofisa wa New York alikuwa nayo mezani tayari, kazi yake ilikuwa kuuliza na kulinganisha. Kwa hiyo jina likiharibika, liliharibikia Hamburg au Liverpool, mbele ya karani aliyeandika alivyosikia. Wengine walijibadilishia wenyewe miaka baadaye ili wapate kazi. (Sitaji wangapi kati yetu wana jina moja la shule na lingine la nyumbani.)

Kisha ikaja sheria ya 1921, na karatasi hizi zikawa jambo la kufa na kupona. Kila nchi iliwekewa kiwango: watu wasiozidi asilimia 3 ya wazaliwa wake waliohesabiwa Marekani mwaka 1910. Na kiwango hicho kiligawanywa kwa miezi. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mwisho wa mwezi meli zilisimama nje ya bandari ya New York zikingoja saa sita ya usiku, na saa ilipogonga zikakimbizana kuingia! Aliyeuvuka mstari dakika chache kabla alihesabiwa kwenye mwezi unaoisha, ambao nafasi zake zilikwisha kuchukuliwa. Aliyechelewa nyuma ya wenzake alikuta nafasi za mwezi mpya nazo zinayoyoma. Unaweza kufikiri mama mwenye watoto watatu, ameuza ng'ombe na shamba kupata nauli, halafu hatima yake iko kwenye kasi ya injini.

Sheria ya 1924 ikakaza zaidi. Asilimia ikawa 2, na hesabu ikarudishwa nyuma hadi 1890, makusudi, kwa sababu mwaka ule Waitalia na Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa bado wachache huko. Ukaguzi mkubwa ukahamia kwenye ofisi za ubalozi, kabla mtu hajapanda meli. Daraja la tatu likabaki tupu hata kampuni zikalipaka rangi upya na kuwauzia walimu, wanafunzi na watalii wa mfuko mdogo. Walioachiwa mlango nje ya viwango ni pamoja na wachungaji wa dini na wanafunzi.

Na kwa mlango huo wa wanafunzi walipita Waafrika. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria alikwenda mwaka 1925. Mbiyu Koinange wa Kiambu alifika Hampton, Virginia, mwaka 1927. Kwame Nkrumah alipita Uingereza mwaka 1935 kutafuta viza, akasikia akiwa London kwamba Italia imeivamia Uhabeshi, kisha akapanda meli kwenda New York. Kwa karani, hawa walikuwa mistari tu: mwanafunzi, mweusi, anajua kusoma.

Lakini orodha ninayotaka uikumbuke ni ya meli St. Louis.

Iliondoka Hamburg tarehe 13 Mei 1939 ikiwa na abiria 937, karibu wote Wayahudi wakimkimbia Hitler. Walikuwa na vibali vya kushuka Havana, Cuba, wangoje huko zamu yao ya kuingia Marekani, maana kiwango cha Ujerumani kilikuwa watu 27,370 kwa mwaka na foleni ilikuwa ya miaka. Wengi hawakujua kwamba serikali ya Cuba ilikuwa imefuta vibali vya namna hiyo kabla meli haijang'oa nanga. Havana waliruhusiwa 28 tu kushuka. Waliobaki walisimama kwenye reli za meli, wakipungiana mikono na jamaa zao waliokodi mitumbwi kuja kuwatazama. Nahodha, Gustav Schröder, alizunguka karibu na Florida hata taa za Miami zikaonekana. Marekani haikufungua. Tarehe 6 Juni meli ikageuka kurudi Ulaya.

Uingereza ilichukua 288, Ufaransa 224, Ubelgiji 214, Uholanzi 181. Walishuka wakishangilia. Mwaka uliofuata majeshi ya Hitler yaliingia Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi.

Miaka mingi baadaye, watafiti wawili wa jumba la kumbukumbu la mauaji hayo lililoko Washington, Sarah Ogilvie na Scott Miller, waliichukua orodha ya abiria na kuanza kumfuatilia mmoja mmoja. Walipekua kumbukumbu za kambi, wakawatafuta walio hai na watoto wao. Mwaka 2006 wakatoa kitabu. Kati ya abiria wa meli ile, 254 waliuawa. Wametajwa kwa majina kwa sababu karani mmoja Hamburg aliyaandika.

Wengi wetu tukifika Ezra sura ya pili tunaruka, tunaona ni majina tu.

Ndugu yangu, kama kwenu kuna mzee aliyesafiri kwa meli toka Mombasa kwenda Uingereza zamani, orodha za walioingia huko zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Taifa pale Kew, London, hadi mwaka 1960, na nyingi sasa zinatafutwa kwa intaneti. Za New York nazo zipo. Usikate tamaa ukikosa mara ya kwanza. Tafuta kwa jina la meli na mwaka, usitegemee jina lake peke yake. Na tafadhali, jaribu L, halafu jaribu R.