Kwaheri ya Mbwa wa London

Msomaji, ukitajiwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, bila shaka mawazo yako huenda kwanza kwa majemadari, manowari na miji iliyoteketea. Leo nataka nikutoe huko kwa kitambo kidogo, nikupeleke katika nyumba ya mtu wa kawaida mjini London, ambamo mbwa amelala kando ya moto wala hana habari ya vita. Yaliyompata mbwa huyo katika juma la kwanza la Septemba, 1939, hayakuandikwa katika vitabu vingi vya historia, na Waingereza wenyewe kwa miaka mingi hawakupenda kuyakumbuka.

Pengine utacheka. Kwetu mbwa aghalabu hulala nje, hula makombo, na kazi yake ni kubweka mwizi apitapo. Na pwani nyumba nyingi hazimfugi kabisa. Walakini mtoto aliyechunga mbuzi pamoja na mbwa wake ajua pengo liachwalo na mnyama huyo siku anapotoweka. Katika miji ya Uingereza mbwa alikuwa ameingia ndani zaidi. Alikuwa na jina, bwana wake alimlipia leseni ya shilingi saba na peni sita kila mwaka, na watoto walimhesabu kuwa mmoja wao.

Sasa, ili ufahamu yaliyotokea, yakupasa ufahamu kwanza hofu ya watu wale. Mwaka 1937 walikuwa wamesoma magazetini habari za Guernica, mji wa Hispania ulioharibiwa na ndege katika alasiri moja. Wataalamu walisema ya kuwa vita vikianza, mabomu na hewa ya sumu vitaishukia London katika saa za kwanza, na watu watakufa kwa maelfu na maelfu. Katika mwaka 1938 serikali iligawa vinyago milioni 38 vya kujikinga na hewa hiyo. Mbwa hakuwa na chake. Mahandaki ya umma nayo yalipochimbwa, wanyama hawakuruhusiwa kuingia. Basi mwenye mbwa alijiuliza: king'ora kitakapolia, nimwache huyu nje afe peke yake, au nibaki naye tufe pamoja?

Kabla vita havijatangazwa, kamati iliyoundwa kushughulikia wanyama wakati wa mashambulio ya ndege ilitoa kijitabu cha mashauri. Kiliwaambia watu wawapeleke wanyama wao shamba, mbali na miji, iwapo wanaweza. Kisha kikaongeza, kwa maneno ya upole, kwamba ikiwa hapana jirani wala ndugu wa kumtunza mnyama, huruma iliyo kubwa ni kumwua. Ndani ya kijitabu hichohicho mlikuwa na tangazo la bastola maalumu ya kuulia wanyama. Uangalie vema jambo hili, msomaji. Haikuwa amri. Hapana polisi aliyepita nyumba kwa nyumba, wala hapana sheria iliyotungwa. Lilikuwa ni shauri tu, nalo liliwafikia watu waliokwisha kujaa hofu.

Tarehe 1 Septemba safari za kuwahamisha watoto zilianza. Kwa muda wa siku tatu watu wapatao milioni moja na nusu, wengi wao watoto wa shule, waliondolewa mijini kwa magari ya moshi. Kila mtoto alikuwa na kinyago chake na mzigo wake mdogo. Mbwa alibaki nyumbani. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3, Waziri Mkuu Neville Chamberlain alitangaza vita katika redio. Maneno yake yalikuwa hayajapoa masikioni king'ora kilipolia mjini London. Hapakuja ndege hata moja. Ilikuwa ni kosa tu. Walakini watu walikwisha kusadiki ya kuwa mwisho umefika.

Ndipo mistari ya watu ilipoanza kujipanga mbele ya zahanati za wanyama. Kulikuwa na shirika liitwalo PDSA, lililoanzishwa na Maria Dickin mwaka 1917 ili kutibu wanyama wa watu maskini. Watu waliokuwa wakiwapeleka mbwa wao huko waponywe waliwapeleka sasa wauawe. Fikiri mwenyewe hali ya mstari ule: mbwa amefungwa ukambaa wake, anatikisa mkia kwa kuwa ametoka matembezini na bwana wake, anawanusa mbwa wenziwe waliotangulia, naye bwana hasemi neno. Wahudumu wa shirika na waganga wengi wa wanyama waliwasihi watu wasifanye haraka. Wengine walirudi nyumbani. Wengi hawakurudi na mbwa wao. Chama kimoja cha kuwalinda mbwa kiliishiwa na dawa ya nusukaputi iliyotumika kwa kazi hiyo, na maiti zilipozidi, PDSA ililazimika kutoa uwanja wake huko Ilford, mashariki ya London, uwe makaburi.

Inakadiriwa kwamba katika juma hilo moja mbwa na paka wapatao 400,000 waliuawa mjini London, yaani kama robo ya wote waliokuwamo. Adui alikuwa bado hajaangusha bomu lolote juu ya mji.

Waliofanya hivyo walikuwa watu wakatili? Mimi sidhani, ingawa sikatai ya kuwa palikuwa na wachache walioona wepesi wa kuondokana na mzigo. Wengi waliwaua mbwa wao kwa sababu waliwapenda, na hilo ndilo linalonitisha kuliko ukatili. Hilda Kean, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima juu ya mambo haya mwaka 2017, anatukumbusha jambo ambalo ni rahisi kulisahau: robo waliuawa, lakini robo tatu walibaki. Nyumba zilizobaki na mbwa wao zilisikia king'ora kilekile na kuogopa hewa ileile ya sumu. Wako pia waliojitaabisha kuwaokoa wasio wao. Nina, mke wa Duke wa Hamilton, alifungua shamba lake la Ferne liwe kimbilio la wanyama wa mjini. Na nyumba ya mbwa ya Battersea, London, ilitunza mbwa 145,000 katika miaka ya vita.

Siku zikapita, mabomu yasije. Majuma yakawa miezi. Chakula chenyewe, ambacho watu walidhani kitakwisha mara moja, hakikuanza kugawiwa kwa kipimo mpaka Januari, 1940. Mashambulio makubwa juu ya London yalianza tarehe 7 Septemba, 1940, mwaka mmoja na siku nne baada ya king'ora kile cha kwanza. Mtu aliyemwua mbwa wake kwa hofu ya usiku ule alikuwa na mwaka mzima wa kuutazama mkeka mtupu. Na hewa ya sumu haikuja kabisa, mpaka vita vikaisha.

Katika mwaka huohuo wa 1940, baada ya shambulio moja zito, mlinzi aliyewekwa kuangalia hatari za ndege katika mtaa wa Poplar alimkuta mbwa koko katikati ya vifusi, hana kwao, ana njaa. Alimtupia mabaki ya chakula chake akidhani atakula aende zake. Mbwa hakwenda. Wakamwita Rip. Bila kufundishwa na mtu, alianza kunusa na kufukua mahali watu walipofukiwa, na katika muda wa miezi kumi na miwili alisaidia kuonyesha walipo watu zaidi ya mia moja. Mwaka 1945 alivishwa nishani ambayo Maria Dickin aliianzisha mwaka 1943 kwa ajili ya wanyama wa vita. Alikufa mwaka uliofuata, naye akazikwa Ilford, katika makaburi ya PDSA.