Ugeuzaji wa vipimo vya data

Ugeuzaji wa vipimo vya data ni hesabu ya kutoa ujazo wa taarifa za kidijitali katika kipimo kimoja na kuupeleka katika kingine. Kipimo cha chini kabisa ni biti, yaani 0 au 1; biti 8 ni baiti 1.

Juu ya baiti kuna ngazi mbili, na utata wote umo humo. Katika ngazi ya desimali kila hatua ni 1,000: kilobaiti, megabaiti (MB), gigabaiti (GB), terabaiti. Katika ngazi ya vipeo vya 2 kila hatua ni 1,024. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, iliipa ngazi hii ya pili majina yake: kibibaiti, mebibaiti (MiB), gibibaiti (GiB). Hata hivyo Windows bado huandika GB huku ikihesabu gibibaiti, kama sokoni gunia la kawaida na la lumbesa yanavyoitwa yote gunia. Tofauti ni asilimia 2.4 kwenye kilo, lakini hufika karibu 10 kwenye tera.

Mjini Morogoro hesabu hii ina kazi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 chini ya Milima ya Uluguru, hufundisha misitu, fani inayotegemea sana picha za satelaiti. Satelaiti za Ulaya za Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2015, hutoa picha za bure katika vipande vya mraba vyenye nukta 10,980 kila upande, nukta moja ikiwa mita 10 za ardhi. Hizo ni nukta 120,560,400. Kila nukta huchukua baiti 2, hivyo rangi moja, kabla ya kubanwa, ni baiti 241,120,800: MB 241.1 au MiB 230.0. Bluu, kijani, nyekundu na infraredi ya karibu kwa pamoja, yaani seti moja, ni baiti 964,483,200, au GB 0.964.

Flashi ya baiti 16,000,000,000 husomeka GB 14.9 kwenye Windows. Anayegawanya 14.9 kwa 0.964 amechanganya ngazi, naye hupata seti 15. Njia salama ni kurudi kwanza kwenye baiti: 16,000,000,000 kugawanya kwa 964,483,200 ni 16 na ziada. Seti iliyoachwa si jambo dogo. Huenda ndiyo iliyoonyesha msitu ulipokatwa juu ya vyanzo vya Mto Ruvu, unaoipa Dar es Salaam maji.

Kasi ya intaneti, tofauti na bando, hutajwa kwa biti. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, seti moja hushuka kwa dakika 16 hivi. Asiyezidisha baiti kwa 8 atatarajia dakika 2.