Uhaba Uliotungiwa Sheria: Soko la Nyumba katika Mji wa Jackson, Wyoming

Mjadala wa makazi nchini Marekani huishia mno New York na San Francisco, kana kwamba udogo wa mji ni nafuu tosha. Jackson, katika jimbo la Wyoming, haukufikisha wakazi 11,000 katika sensa ya mwaka 2020, lakini nyumba ya familia moja huko huuzwa kwa mamilioni ya dola. Mpishi, muuguzi na mwalimu huuhudumia mji mchana. Usiku wengi wao hulala kwingine.

Jibu linalotolewa kila mara ni kwamba ardhi imekwisha. Kweli, takriban asilimia 97 ya Kaunti ya Teton ni ardhi ya umma: Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton, msitu wa Bridger-Teton, na hifadhi ya wanyamapori ya mwaka 1912 inayopakana na mji upande wa kaskazini. Lakini ardhi haikujiishia yenyewe. John D. Rockefeller Mdogo alinunua mashamba ya bondeni kupitia kampuni iliyoficha jina lake, na mwaka 1949 akaikabidhi serikali zaidi ya ekari 30,000. Wafugaji wengi walikuwa wamepinga vikali. Mimi simlaumu, bila yeye pengine bonde lile lingejaa vibanda vya watalii. Ninachodai ni kwamba uhaba huu umewekwa na sheria, na sheria hiyo ina wafaidika. Mwenye kiwanja katika asilimia 3 iliyobaki amehakikishiwa kwamba hakuna atakayejenga mbele ya milima anayoitazama, na dhamana hiyo hakuilipia yeye. Mwanasosholojia Justin Farrell, katika kitabu chake cha mwaka 2020, *Billionaire Wilderness*, ameonyesha jinsi uhifadhi unavyoweza kuwa ngome ya utajiri. Tena Wyoming haitozi kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo kwa tajiri kutoka California nyumba ya Jackson ni anwani ya kukwepea kodi kabla hata haijawa mahali pa kuishi.

Kuna kinaya hapa. Tangu mwaka 1982, karibu kila Agosti, wakuu wa benki kuu, ambao hupandisha riba kama dawa ya mfumuko wa bei, hukutana ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton. Riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30, iliyokuwa chini ya asilimia 3 mwaka 2021, ilikaribia asilimia 8 Oktoba 2023. Anayelipa taslimu dawa hiyo haimgusi. Aliyeimeza ni mwalimu.

Mwalimu huyo basi anahamia Victor au Driggs, jimboni Idaho, na kila siku anavuka Teton Pass, njia ya mlimani yenye kimo cha karibu mita 2,570. Juni 2024 kipande cha barabara hiyo kiliporomoka. Kwa takriban wiki tatu ilibidi watu wazunguke kupitia Swan Valley, safari iliyowaongezea saa moja au zaidi kwenda, na nyingine kurudi. Hesabu yoyote ya bei ya nyumba za Jackson isiyoingiza lami hiyo ina pengo.

Mpango wa maendeleo wa mwaka 2012 uliweka lengo la wafanyakazi asilimia 65 kuishi humohumo kauntini. Nyenzo kuu ni hatimiliki yenye masharti: anayekaa awe anafanya kazi hapo, na mara nyingi bei isipande kupita kiwango. Ina kasoro, kwani mwenye hati hiyo hajijengei akiba kama jirani yake. Naiunga mkono hata hivyo, maana humpa mtu pa kukaa.

Swali gumu ni nani agharimie. Kwa sasa sehemu ya fedha hutoka kwenye kodi ya mauzo. Yaani mpishi akinunua viatu, anachangia. Kodi ya uhamishaji wa mali ingemfikia mfaidika mwenyewe: asilimia 1 ya nyumba ya dola milioni 5 ni dola 50,000. Wyoming haina kodi hiyo, na kaunti haiwezi kuitoza bila idhini ya bunge la jimbo lililoko Cheyenne, ambamo wengi wanatoka kwenye kaunti zisizo na tatizo hili.