Nimelala Lamu, nimerudi na swali

Walahi sijawahi kulala mahali pazuri vile. Wiki jana nilikaa siku mbili mji wa kale wa Lamu, kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa zamani iliyogeuzwa hoteli ndogo. Kuta nene za mawe ya matumbawe, zidaka za chokaa, dari ya boriti za mikoko. Chumba ni kirefu lakini chembamba, kwa sababu upana hauwezi kupita urefu wa boriti. Nilipiga picha mpaka simu ikajaa.

Mwenyeji alitueleza historia vizuri. Ngome ilimalizwa 1821. Mji umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001. Matajiri wa Lamu waliuza pembe za ndovu na boriti hadi Uarabuni. Nikamuuliza, "Na hizi boriti alikata nani? Chokaa alichoma nani?"

Akacheka kidogo. "Watu wa kazi, kaka."

Watu wa kazi! Tuseme ukweli basi: wengi walikuwa watumwa. Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria 1907, juzi tu ukihesabu vizazi.

Jibu nilikuwa nimelipita barabarani. Ukitoka Garissa unafuata mto Tana, Hola, Garsen, halafu Witu, kabla ya kupanda boti pale Mokowe. Witu wengi tunapita tumesinzia. Lakini karne ya 19 Sultan Ahmed, aliyeitwa Simba, aliwapokea hapo watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Watoro hao wakawa wakulima na askari wake. Sijaona mtu akishuka kupiga selfi Witu.

Sasa, kabla hamjaanza kuwasema Waswahili: na sisi je? Karne hiyohiyo watu walitekwa sehemu ambazo leo ni Tanzania na Msumbiji, wakavushwa kwa majahazi, wakauzwa kulimia mabwana wa Kisomali. Bonde la Juba limejaa wajukuu wao. Vita vya 1991 vilipoanza, wengi walikimbilia Dadaab, hapahapa kaunti yetu, na hata kambini walibaguliwa. Miaka ya 2000 Marekani ikachukua maelfu yao. Waliobaki tunawaita jina ambalo siliandiki hapa. Mnalijua. Mimi mwenyewe nimelitumia nikiwa mtoto, tena nikicheka.

Sisemi msiende Lamu. Nendeni, mkiwa na pesa laleni kwenye nyumba hizo, maana zisipotunzwa zitaanguka. Lakini ulizeni nani alizijenga. Na mkirudi nyumbani, ulizeni pia nani alilima mahindi waliyokula babu zetu.

Mimi nimemuuliza awowe jana usiku. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniambia nimwongeze chai. Leo nitamuuliza tena.